Nani Achakae?

Sisi Waswahili tumerithi methali nyingi za kulisuta ganda. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Si kila king'aacho ni dhahabu. Ukikaa kijiweni na vijana wanaopenda kuandika, haipiti jioni bila mmoja wao kuitoa mojawapo ya hizi, kisha akatutazama kama mtu aliyefunga goli. Fundisho ni lile lile siku zote: cha nje ni uongo, cha ndani ndicho kweli. Anayehangaika na cha nje ni bitozi tu, hana falsafa.

Nimeishi na methali hizi tangu shule ya msingi, na sina ugomvi na waliozitunga. Walijua walichokuwa wakikisema. Ugomvi wangu ni na sisi tunaozitumia ili tusifikiri. Katika makala haya nataka kulitetea ganda, na shahidi wangu ni kitu ambacho sijawahi kumsikia mshairi akikiimba: rangi ya gari na jua linaloila.

Usicheke kwanza, ndugu msomaji. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni fundi rangi. Gereji yake haina ukuta wala jina. Ni kivuli cha mwarobaini kule Buguruni, kompresa moja yenye kikohozi, na mapipa mawili ya maji. Nimeshinda pale likizo nyingi na msasa mkononi, na niliyojifunza pale kuhusu ganda hayamo ndani ya methali hata moja.

Tuanze na jua lenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua la mchana linasimama juu ya utosi, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Ndani ya mwanga huo mna mionzi isiyoonekana kwa macho, inaitwa urujuanimno, nayo ina nguvu ya kukata vitu vilivyoshikana. Rangi ya gari ukiichambua ni chembe za rangi zilizoshikwa na gundi. Mionzi ile huikata gundi, kidogo kidogo, kila siku, Jumapili na sikukuu. Gundi ikishakatika, chembe zinabaki juu kama unga. Pitisha kidole kwenye boneti la pikapu nyeupe ya zamani uone: kitatoka cheupe kama kidole cha mwalimu.

Halafu linakuja joto. Bati likichomwa na jua hutanuka. Mvua ya ghafla ikilipiga, linanywea. Rangi ikiwa bado changa inalifuata bati, inanyooka nalo na kurudi nalo. Lakini ikishakaushwa na jua miaka mitano, sita, inakuwa ngumu, haiwezi tena kufuata. Hapo ndipo unapoona ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo haumtishi mtu. Maji yanaingia, tena kwetu pwani maji yana chumvi na hata upepo una chumvi, na kutu inaanza kula chini kwa chini. Siku rangi inapobanduka ukapiga kelele, kumbe bati lililiwa zamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hii nayo ni methali ya wahenga, lakini kijiweni, sijui kwa nini, haitajwi sana. Labda kwa sababu haimsuti mtu. Inamtuma kazi.

Sasa tazama ngozi ya gari jipya lilivyovaa. Chini kabisa ni bati. Juu yake kuna tabaka za kuzuia kutu, halafu praima, halafu rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna tabaka moja isiyo na rangi, ile mafundi wanayoiita klia. Unene wa tabaka zote pamoja ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita hivi. Chukua karatasi moja kwenye daftari lako uishike kwa vidole viwili. Huo ndio unene unaolitenganisha gari la mamilioni na kutu.

Ndani ya klia wenye viwanda hutia kemikali zenye kazi moja: kuimeza mionzi kabla haijafika chini. Zinaimeza, na kadiri siku zinavyokwenda, zenyewe zinaisha. Ndiyo maana gari lenye umri mkubwa unaliona limebabuka paa na boneti, kama mtu aliyeungua. Na juu ya klia, mwenye gari aliye mwangalifu hupiga nta. Nta haidumu. Chini ya jua letu miezi miwili, mitatu, imekwenda. Wateja humuuliza mjomba, "Sasa fundi, faida yake nini kama inaisha?" Naye huwajibu bila kuinua macho, "Si ndiyo kazi yake? Iishe hiyo, isiishe rangi."

Nimelibeba jibu hilo miaka mingi kuliko baadhi ya vitabu vya falsafa nilivyowahi kuazima. Ndani yake mna maelezo mazima ya kinga ni nini. Kinga ni kitu kinachochakaa badala ya kingine. Nta inachakaa ili klia isichakae. Klia inachakaa ili rangi isichakae, na rangi inachakaa badala ya bati. Na bati je? Bati lipo ili aliyemo ndani asipate madhara. Ukifuata mnyororo huo mpaka mwisho, unamkuta mtu. Ganda ni mahali ambapo kitu kinakutana na dunia na kupokea makofi yake. Ndani panakuwa na amani kwa sababu nje pamepigwa.

Wenzetu wa Marekani na Ulaya wanazo nyumba za magurudumu, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo, ambalo mzee akistaafu hulipanda na mkewe wakaenda watakako. Nyingi kati ya hizo ganda lake si bati. Ni faibaglasi iliyofunikwa kwa tabaka la utomvu mgumu unaong'aa. Sehemu zenye jua kali kama Arizona, utomvu ule hupauka, hutoa unga, na mwisho hupasuka vijiufa kama utando wa buibui. Kwa hiyo wenyewe huliosha, hulipiga nta kabla ya kiangazi, huliegesha chini ya banda, na matairi huyavisha vifuniko vya turubai. Mtu wa mtaani kwetu akiyasikia hayo atasema ni wazimu wa walioshiba. Kulivisha tairi nguo!

Lakini kuna sababu, na ni sababu nzuri. Katika mpira wa tairi mnachanganywa nta na dawa za kuzuia nyufa. Tairi likizunguka na kubonyea, dawa hizo hupanda juu zikaupaka mpira. Kwa maneno mengine, tairi linalotembea linajipaka lenyewe. Tairi lililosimama mahali pamoja halipati upako huo vizuri, hivyo nyumba ya magurudumu iliyoegeshwa miezi minane huweza kupasuka matairi pembeni ilhali hayajawa hata nusu kipara. Yaani hata kupumzika kunachakaza. Hakuna mahali pa kujificha jua kwa kukaa kimya.

Mababu zetu wa pwani hawakuhitaji kuambiwa haya na wenye viwanda. Ukienda Nungwi kule Unguja, au Matondoni kule Lamu, sehemu zenye sifa ya kuunda vyombo, utaambiwa kwamba mbao ya jahazi ina maadui wawili: chini ya maji wadudu wanaotoboa, juu ya maji jua linalokausha na kupasua. Chini walipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Juu, panapopigwa na jua, walipaka mafuta ya ini la papa ili mbao isikauke. Na mafuta hayo yananuka, bwana! Ukikaa upande wa upepo unaweza kusahau shida zako zote kwa ajili ya hiyo harufu.

Unajua yanaitwaje? Yanaitwa sifa.

Lugha yetu ina mzaha wake. Wataalamu watatuambia kwamba hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa bahati, moja la kusifu na moja la mafuta ya papa. Sawa, sibishi. Lakini bahati hiyo imetupa picha ambayo mwandishi hapaswi kuiacha ipite. Kuna sifa ya kusifiwa na kuna sifa ya kupaka chombo. Ya kwanza inanukia na haizuii tone la maji. Ya pili inanuka, nayo ndiyo iliyowafikisha mabaharia nyumbani. Jahazi lililopakwa sifa linang'aa kwa weusi wake, linateleza, linachafua nguo. Hakuna anayelipaka ili asifiwe. Hapo basi ganda limejitenga kabisa na urembo. Mwenye chombo hakupaka ili watu watazame. Alipaka ili mbao ishikane.

Nikishafika hapo naielewa methali ya mkakasi upya. Kile kikopo cha mti kilichotiwa rangi na nakshi hakisutwi kwa kuwa na rangi. Kinasutwa kwa sababu rangi yake imetuahidi kitu ambacho ndani hakimo. Kosa liko kwenye ahadi.

Na hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa gumu, kwa sababu rangi ya kukinga na rangi ya kudanganya zinatoka kwenye kopo moja.

Alikuja mtu mmoja pale chini ya mwarobaini na kipanya, basi dogo la abiria. Sakafu imeliwa na kutu hata ukiinua zulia unaiona ardhi. Kwenye nguzo ya mlango, chini, kulikuwa na ufa unaopitisha kidole. Alichotaka ni puti, msasa, rangi, king'ae. "Namuuzia jamaa Jumamosi, fundi. Wiki mbili tu itulie, basi." Akataja bei, ilikuwa mara mbili ya kawaida. Mjomba wakati ule alikuwa anadaiwa kodi ya chumba miezi mitatu.

Mjomba alilizunguka gari polepole, akagonga hapa na pale kwa kidole, halafu akasema, "Bosi, gari zima nakupigia rangi. Ila hapa na hapa, mtu wa bodi achomelee kwanza. Hutaki kuchomelea, napaacha wazi. Anayenunua apaone."

Yule bwana alicheka kwanza. Halafu akakasirika, akasema mjomba ni fundi njaa anayejifanya shehe. Halafu akaondoka na gari lake. Mafundi ni wengi mjini, hakukosa wa kumfanyia. Baada ya kama mwezi hivi nilikiona kipanya kile barabarani, kimejaa hadi mlangoni, konda ananing'inia, kinang'aa kama sahani ya harusi. Dirishani, jirani kabisa na nguzo ile, amekaa mama kampakata mtoto aliyelala.

Mjomba naye alifukuzwa chumba. Alihamia kwetu, akalala sebuleni miezi minne na kompresa yake pembeni. Siyasemi haya ili nimpambe. Nayasema kwa sababu ndiyo gharama yenyewe, na mtu akizungumza maadili bila kutaja gharama anauza rangi kwenye kutu.

Sasa niambieni: puti ni ile ile, msasa ni ule ule, hata mkono ungekuwa ule ule. Tofauti iko wapi? Zamani ningejibu kwamba tofauti iko moyoni, kwenye nia. Siku hizi naona jibu hilo halitoshi, maana nia ya mtu siwezi kuifungua boneti nikaitazama. Naona tofauti iko kwenye lile swali la nani anayechakaa. Kwenye kinga ya kweli, kinachochakaa ni rangi, badala ya bati, na badala ya mtu. Kwenye kipanya kile rangi haikuchakaa badala ya kitu chochote. Ilikaa tu pale imependeza, na aliyewekwa mstari wa mbele kupokea kofi ni yule mama na mwanawe. Walichakazwa wao badala ya mfuko wa muuzaji, tena bila kuulizwa. Ndiyo maana Waswahili husema mtu kapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mgongo wa chupa hauna mafuta. Unaona mkono unapita mwilini, unajihisi unapakwa, na huku jua linakungoja.

Rafiki yangu mmoja, mshairi mzuri tu, aliposikia hoja yangu akanikata. "Mshikaji, mjomba wako kapata nini? Gari limepakwa, limeuzwa, linabeba watu. Yeye kalala kwenye sebule ya dada yake. Maadili ni anasa ya mtu asiyedaiwa kodi."

Hoja hiyo si ya kupuuza, na anayeipuuza ama ana nyumba yake ama hajawahi kuogopa hatua za mwenye nyumba. Ni kweli mjomba hakukiokoa kile kipanya. Lakini hakuulizwa kama anaweza kukiokoa. Aliulizwa kama mkono wake ndio utakaouziba ufa ule kwa unga, na swali hilo lilikuwa lake peke yake. Hakuna fundi mwingine aliyeweza kulijibu kwa niaba yake. La pili, tutazame kwa makini huo uongo wa rangi unatoka kwa nani kwenda kwa nani. Anayepanda kipanya ni nani? Si yule muuzaji. Ni dobi, ni mama ntilie, ni mwanafunzi, ni mjomba mwenyewe. Mama yule wa dirishani naye pengine anadaiwa kodi. Kwa hiyo tukisema maadili ni anasa ya wenye nacho, tunawapa ruhusa wenye magari kuwachakaza wasio na magari, halafu tunaiita ruhusa hiyo huruma kwa maskini.

Rafiki yangu alikuwa na hoja ya pili, ya kishairi zaidi: kwamba jua litashinda tu. Kila rangi itapauka, kila jahazi litaoza, kila uso utakunjamana. Kwa nini tuhangaike? Kwangu mimi hiyo si hoja ya kuacha kupaka. Hakuna aliyewahi kupaka chombo sifa akidhani amelishinda jua. Alipaka ili chombo kifike msimu mwingine, na msimu mwingine apake tena, na akifa apake mwanawe. Kinga haina ushindi wa mara moja. Ina zamu. Anayedai ushindi kamili ndipo ashughulike, huyo kwa kweli amechoka tu, ametafuta maneno makubwa ya kuufunika uchovu wake.

Mpaka hapo naweza kusema nimelitetea ganda. Lakini hoja ikiwa ya kweli haikubali kusimama pale unapotaka wewe. Nimesema kila kinga ina kinachochakaa. Basi na tuitazame gereji yenyewe kwa jicho hilo hilo.

Rangi nyingi za kisasa za magari, zile ngumu zinazong'aa miaka, huchanganywa na dawa ya kugandisha yenye kemikali ziitwazo isosayaneti. Zikipulizwa na kuvutwa puani zinaweza kumpa mtu pumu, na pumu hiyo ikishaingia, hata harufu kidogo ya rangi inaweza kumbana kifua maisha yake yote. Kinga ipo: barakoa maalumu inayoleta hewa safi kwa mpira, na chumba cha kupulizia chenye feni za kuvuta mvuke. Mjomba kinga yake ni kipande cha kanga ya bibi, kakifunga puani kwa fundo nyuma. Kanga ile haizuii kitu. Gari linatoka pale na tabaka nne za kulikinga dhidi ya jua, na aliyelivisha anatoka na kikohozi. Ng'ambo ya barabara, vijana wa kuosha magari wanasimama juani kutwa nzima, visigino vimepasuka kwa maji na sabuni. Gari wakishalimaliza linafunikwa turubai ili lisipauke. Wao wanasubiri linalofuata, juani.

Mfuate jua hatua moja zaidi. Ile poda inayoipa rangi weupe, dioksidi ya titani, hutumika pia katika mafuta mengi ya kukinga ngozi ya binadamu dhidi ya jua. Kitu kimoja, kazi ile ile. Sasa, mtaani kwetu yuko dada mwenye ualbino anayeuza matunda kituoni. Ngozi yake haina ile rangi ya asili inayotukinga mimi na wengi wenu. Klia yake aliyozaliwa nayo ni nyembamba mno. Kansa ya ngozi inakatiza maisha ya watu wengi wenye ualbino barani Afrika, na jua ndilo linaloileta. Kule Moshi yametengenezwa mafuta maalumu kwa ajili yao, yanaitwa Kilisun. Nimemwona dada yule akipaka mafuta ya jua asubuhi, kwa utulivu, masikioni, shingoni, nyuma ya mikono, mle mle ambamo fundi mzuri angekumbuka kupitisha nta. Na nimemsikia mpita njia akisema, "Huyu naye kwa kujiremba!"

Nenda kamwambie yeye kwamba cha nje si kitu. Mwambie nyumba njema si mlango. Kwake ganda ndiyo nyumba, na mlango ukipasuka hakuna ndani pa kuingia.

Halafu zunguka mjini kwa miguu mchana mmoja ukihesabu vivuli. Utakuta maegesho yenye paa la bati, nguzo zimepakwa rangi, magari yamelala chini yake kama wagonjwa wanaotunzwa. Utakuta pia vituo vingi vya daladala ambavyo ni nguzo moja na kibao, watu wamepanga mstari kwenye kivuli cha nguzo hiyo, mmoja nyuma ya mwingine, kivuli chenye upana wa mkono. Simlaumu anayelitunza gari lake. Nimetumia kurasa nzima kumtetea. Ninachouliza ni jinsi jamii inayojua vizuri kabisa jua linafanya nini kwa bati inavyoweza kujifanya haijui linafanya nini kwa ngozi. Elimu tunayo. Tumeitumia kwa magari.

Na sisi tunaoandika je? Nasi tunapaka. Wapo kati yetu wanaopiga sentensi msasa mpaka inateleza, ndani hamna kitu. Msomaji anafika mwisho amepakwa kwa mgongo wa chupa. Wapo wengine wanaojidai hawapaki, wanaandika ovyo na kuuita uovyo huo ukweli, kama mtu anayeliacha jahazi lipasuke juani eti ndiyo uhalisi wa mbao. Mimi mwenyewe katika makala haya nimemtaja mjomba bila jina, na yule muuzaji bila jina, na yule dada bila jina. Hiyo nayo ni rangi nimepaka. Inamkinga nani? Nimejiuliza kabla ya kuandika. Naamini inamkinga mjomba asikose wateja, na dada yule asigeuzwe maonyesho. Kumbe inamkinga na muuzaji pia, na hilo linaniuma, lakini sijaona njia ya kuwapaka wawili wale bila tone kumwangukia wa tatu.

Kwa hiyo sizifuti methali. Zibaki, ziendelee kutusuta. Naomba tu tuziongezee swali moja. Ukiona kitu kinang'aa, gari, nyumba, mtu, shairi, hata taifa, usiishie kuuliza ndani mna nini. Uliza pia ni nani anachakaa ili kile king'ae. Ukikuta ni nta, au sifa ya papa, au muda wa mwenyewe aliyeamua kuutoa, mpe heshima yake na umwachie apake. Ukikuta ni mtu, na mtu huyo hakuulizwa, basi ufa umeuona, na aliyeuona ufa hana tena haki ya kusema hakujua.

Mjomba amepata kivuli kingine, mwembe safari hii. Barakoa ile ya hewa bado hajaipata. Bei yake ni kubwa kuliko kompresa. Mimi naona sisi tuliokula kwa rangi zake tuna deni hapo, na nimeanza kulilipa kidogo kidogo. Wewe unayeona nimekosea, unayeamini bado kwamba ganda ni ganda tu, chukua kalamu unijibu kwenye toleo lijalo. Lakini kabla hujaandika, kaa saa moja kituoni kwenye jua la saa saba mchana, halafu ndipo uanze.